Aliyebaki Nyumbani Siku ya Badri



Yumkini unaisoma karatasi hii ukiwa umekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Sikio moja liko kwake, na la pili liko jikoni. Uji uko motoni, mtoto anataka avishwe kanzu aende chuoni, na mlangoni kumepigwa hodi na jirani aliyekuja kumtazama mgonjwa, naye hafai kuachwa asimame. Ulimwengu hausimami kwa kuwa nyumbani mwako kuna mtu hawezi. Soko liko wazi, adhana inaadhiniwa, harusi ya binti wa ami yako ni Alhamisi, na wewe uko pale pale na beseni na kitambaa.

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyokaribiana sana, kuugua na kuuguza. Anayeugua ni mgonjwa; anayeuguza ni yule anayekaa naye. Maneno yote mawili yametoka katika shina moja, na mtu aliyewahi kuuguza haitaji kuelezwa kwa nini. Mwenye kuuguza naye hukonda. Naye hukosa usingizi, na chakula humpita mdomoni bila ya ladha. Lakini zaidi ya uchovu huo kuna jambo jingine linalomjia polepole, khasa maradhi yakirefuka: hujiona ameachwa nyuma. Wenziwe wanakwenda darsani, wanasali jamaa, wanasafiri, wanafanya biashara zao. Yeye siku zake zote zinakwisha katika chumba kimoja. Na akiwa ni mwanamume ndiyo huwa zaidi, maana sisi kazi ya kuuguza tumewaachia wanawake. Mwanamume akikaa ndani wiki mbili kwa ajili ya mkewe, barazani watu huanza kuulizana, "Fulani kapatwa na nini, mbona haonekani?"

Nataka kukuhadithia habari ya mtu aliyebaki nyuma namna hiyo. Alibaki siku ambayo kila Mwislamu aliyeishi baada yake angetamani kuwa amekuwapo.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa 2 wa Hijra, yaani Machi 624. Bwana Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na watu mia tatu na kitu. Walikuwa na ngamia kama sabini, wakipokezana kuwapanda, na farasi wawili tu. Walitoka kwa ajili ya msafara wa Makureshi uliokuwa ukirudi kutoka Sham. Hawakujua kwamba penye visima vya Badri, kiasi cha kilomita 150 kutoka Madina, watakutana na jeshi linalokaribia watu elfu moja. Yaliyotokea huko unayajua, na watoto wa chuoni wanayajua.

Lakini turudi Madina. Katika nyumba ya Sayyidna Uthman bin Affan mlikuwa na mgonjwa. Naye hakuwa mgonjwa wa kupuuzwa: alikuwa Bibi Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe kwa Bibi Khadija. Bibi huyu aliyaona mengi katika umri mchache. Kabla ya Sayyidna Uthman alikuwa ameozwa mtoto wa Abu Lahab, akaachwa kwa chuki ya watu wa nyumba ile juu ya baba yake. Kisha akaolewa na Uthman, na mateso ya Makka yalipozidi wakahama pamoja kwenda Uhabeshi, wakiwa katika kundi la kwanza kabisa, mwaka 615. Huko ugenini alizaa mtoto wa kiume, Abdullah, ambaye naye hakuishi akafika ukubwani. Wakarudi, wakahama tena, safari hii kwenda Madina. Basi mume na mke hawa walikwishakuwa wakimbizi pamoja mara mbili, na mtu ambaye umekimbia naye bahari na jangwa si sawa na mtu uliyekaa naye raha mustarehe.

Maradhi yenyewe wanatarehe wameyataja kwa jina: ni hasba, ndiyo surua tuijuayo. Sisi leo tumeizoea surua kuwa ni maradhi ya watoto, na kwa kuwa watoto huchanjwa, wengi wetu tumesahau ukali wake. Ikimpata mtu mzima huwa nzito: homa kali, macho mekundu yasiyotaka mwanga, kikohozi, na mara nyingi huteremka kifuani. Wakati ule hata matabibu walikuwa hawajaitenga vyema na ndui. Aliyeandika kitabu mahsusi cha kuyatenga maradhi haya mawili ni Muhammad bin Zakariya Ar-Razi, tabibu mkubwa wa Rayy na Baghdad, naye alikuja kiasi cha miaka mia tatu baadaye. Kwa hiyo Sayyidna Uthman hakuwa na la kufanya ila lile ambalo hata wewe hubakiwa nalo daktari akishafanya yake: kukaa, kunywesha maji kidogo kidogo, kufuta jasho, kugeuza mto, na kungoja.

Sasa litazame jambo hili vizuri, kwani hapa ndipo penyewe. Uthman alikuwa mfanyabiashara tajiri. Angetaka, angepata mtu wa kukaa na mkewe. Alikuwa na afya, alikuwa na mali, na jeshi lile lilikuwa dogo, kila mkono ukihitajiwa. Pamoja na hayo Bwana Mtume ndiye aliyemwamrisha abaki. Hakumwambia aweke mtu na kumwachia Mungu. Alimtaka yeye, mume, akae na mkewe. Kisha akamwachia na msaidizi: mtoto Usama bin Zayd, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa kama miaka kumi. Usama mwenyewe ndiye aliyekuja kuhadithia, alipokuwa mtu mzima, kwamba Mtume alimwacha pamoja na Uthman kwa ajili ya Bibi Ruqayya. Nami huwa nikimfikiri mtoto huyu. Kila nyumba yenye mgonjwa ina Usama wake, mtoto wa kutumwa maji, wa kukimbizwa kwa jirani, wa kukaa mlangoni wakubwa wakisali; na mara nyingi hatumkumbuki kumshukuru, wala hatumuulizi yeye ameona nini.

Tena angalia na upande wa pili. Bwana Mtume ni baba, na binti yake ni mgonjwa sana, naye akaondoka. Hapana shaka kuwa moyo wake ulibaki katika nyumba ile. Lakini Waislamu wote walikuwa shingoni mwake. Si kila mtu huweza kubaki, msomaji wangu. Kuna baba anayeuguliwa na mwana naye yuko baharini, au yuko Mombasa na mgonjwa yuko Lamu, au yuko kazini Maskati na habari zinamfikia kwa simu. Nyumba ile ya Madina iligawana: mmoja aliondoka kwa sababu hapana mwingine wa kufanya kazi yake, na mmoja alibaki kwa sababu hiyo hiyo.

Bibi Ruqayya hakupona. Alifariki siku zile zile jeshi liko Badri, na waliokuwapo Madina wakamzika. Anasema Usama kwamba habari za ushindi ziliwafikia wakiwa wamekwisha kusawazisha udongo juu ya kaburi lake. Aliyekuja na habari alikuwa baba yake Usama, Zayd bin Haritha, amempanda ngamia wa Mtume. Wanafiki walipomwona ngamia yule bila ya mwenyewe wakaanza kunong'ona kwamba Muhammad kauawa, na kwamba Zayd kwa hofu hajui asemalo. Yule mtoto akaenda mpaka kwa baba yake, aliyesimama katikati ya watu akiyataja majina ya wakubwa wa Makureshi waliouawa, akamuuliza kama ni kweli. Baba akamwapia kuwa ni kweli.

Hebu ifikiri saa ile. Mji unashangilia ushindi ambao hapakuwapo na mfano wake, na kuna mtu mmoja ana udongo wa kaburi la mkewe mikononi. Watu wenye misiba wanaijua hali hii. Mara nyingi furaha ya mji na huzuni ya nyumba huja siku moja, wala hapana inayoingoja nyingine ipite. Bwana Mtume aliporudi alikuta kaburi. Imepokewa kwamba Bibi Fatma alikaa kando ya kaburi la dada yake akilia, na baba yake akawa anamfuta machozi kwa ncha ya nguo yake.

Kisha mali iliyopatikana vitani ikagawanywa kwa waliopigana, na Sayyidna Uthman akatolewa fungu lake. Mtume akambashiria kuwa ana ujira wa mtu aliyehudhuria na fungu lake pia. Hilo ndilo lililo kubwa katika kisa hiki. Mwenye udhuru husamehewa, na kusamehewa ni jambo zuri. Lakini huyu hakusamehewa tu. Alihesabiwa kuwa alikuwapo. Wanatarehe wanapoyapanga majina ya watu wa Badri, jina la Uthman limo.

Tena hakuwa peke yake. Siku zile zile, katika nyumba nyingine ya Madina, mlikuwa na mama mgonjwa. Mwanawe ni Abu Umama bin Thaalaba, na nduguye, yaani mjomba wa Abu Umama, ni Abu Burda bin Niyar. Wote wawili walitaka kutoka na Mtume. Mjomba akamwambia mpwawe akae na mama yake. Mpwa akamjibu kwamba yeye mjomba ndiye akae na dada yake. Maneno yakawa marefu, mpaka wakapeleka shauri kwa Mtume.

Nasema kweli, kila nikisoma kisa hiki hunijia tabasamu, kwa kuwa nimewaona watu hawa. Wamo katika kila ukoo. Mtoto anasema shangazi yupo. Shangazi anasema watoto wapo. Mkubwa anasema mdogo hana kazi. Mdogo anasema mkubwa ndiye mwenye nafasi. Na mgonjwa yu kitandani anasikia yote, maana kuta zetu si nene kiasi hicho. Tofauti ni kwamba wale wawili walishindana kwa sababu kila mmoja alitaka kwenda kuihatarisha roho yake, ilhali sisi mara nyingine hushindana kwa sababu ya duka, au mpira. Walakin hata kwao, ambao nia yao ilikuwa njema kuliko yetu, shauri lilikatwa upande mmoja: mwana akae na mama yake, mjomba aende. Abu Umama akakaa. Jeshi liliporudi mama alikwishafariki, na Bwana Mtume akamsalia.

Utaona kwamba katika nyumba zote mbili mgonjwa alikufa. Sikuzichagua kwa ajili hiyo; ndivyo zilivyo. Kuuguza si ahadi ya kupona. Kuna watu, mgonjwa wao akishafariki, hujilaumu miaka na miaka: ningalimpeleka mapema, ningalitafuta daktari mwingine, ningalikuwa macho usiku ule. Uthman alikaa tangu mwanzo mpaka mwisho wala hakuweza kuyarudisha mauti. Fungu lake halikupunguzwa kwa kuwa mgonjwa hakupona.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 5 wa Hijra (627), katika vita vya Handaki, Saad bin Muadh, mkubwa wa kabila la Aus, alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume akaamrisha apigiwe hema ndani ya msikiti, ili awe karibu naye apate kumtazama. Palikuwa na bibi mmoja wa kabila la Aslam, jina lake Rufayda, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Saad akawekwa kwake. Kila Bwana Mtume alipopita, asubuhi na jioni, humuuliza Saad ameamkaje, ameshindaje, na Saad humweleza hali yake.

Nakuomba usipite hapa upesi. Hizo zilikuwa siku za shughuli kubwa kabisa. Mji umetoka kuzungukwa na maadui, watu wana njaa, kuna mambo ya vita na ya amani ya kukatwa kila siku. Mtume hakuweza kukaa kitako siku nzima kando ya kitanda. Akafanya nini? Akamleta mgonjwa katika njia anayopita mwenyewe mara tano kwa siku. Sala inasaliwa, wageni wanapokewa, watu wanaingia na kutoka, na mgonjwa yuko pale pale kati ya maisha, anasikia, anaulizwa hali. Sisi tuna ada ya kumweka mgonjwa chumba cha mwisho, kule giza, tukidhani ndiyo kumpumzisha. Baadhi ya wagonjwa hutaka hivyo, na wenye maradhi ya kuambukiza ni mambo mbalimbali. Lakini nimewaona wazee waliohamishwa kitanda kutoka chumba cha ndani kuletwa ukumbini, karibu na dirisha la njiani, wakaanza tena kuuliza bei ya samaki. Mgonjwa aulizaye bei ya samaki bado yumo ulimwenguni.

Saad aliishi wiki kadhaa, kisha usiku mmoja jeraha likafumuka. Katika msikiti mlikuwa na hema nyingine, ya watu wa Bani Ghifar, na wao hawakushtuka ila damu imewajia. Ndivyo alivyofariki, Mwenyezi Mungu amwie radhi.

Na Bwana Mtume mwenyewe alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra (632), nyumba yake ilikuwa na wake tisa, kila mmoja na zamu yake. Akawa anauliza kesho atakuwa kwa nani. Wake zake wakafahamu kuwa anataka kukaa nyumbani kwa Bibi Aisha, wakamruhusu, kila mmoja akaiacha haki yake. Akatoka akiegemea watu wawili, mmoja wao Abbas ami yake na wa pili Sayyidna Ali, miguu yake inaburura chini.

Siku moja katika maradhi hayo alizidiwa, na waliokuwapo wakamtia dawa kwa upande wa kinywa. Aliwaashiria wasifanye. Wakaambizana kwamba hiyo ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamtia. Alipopata nafuu akawauliza kwani hakuwakataza? Wakajibu kuwa walidhani ni chuki ya mgonjwa kwa dawa. Basi akaamrisha kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile, naye akitazama, isipokuwa Abbas, kwa kuwa yeye hakuwako walipoitia.

Wahenga wetu wamesema mgonjwa haulizwi uji. Maneno mazuri, nayo yana mahali pake: usimsumbue mtu dhaifu kwa maswali, mpikie umpelekee. Lakini tumeyachukua tukayapeleka mbali kuliko yalivyokusudiwa. Mgonjwa haulizwi uji, haulizwi hospitali, haulizwi kama yuko tayari kukatwa mguu, wala haambiwi ana maradhi gani. Watu wanashauriana ukumbini, na mwenye mwili yuko ndani. Kisa cha dawa ile chatufundisha kwamba waliokosea walikosea kwa mapenzi, na kosa la mapenzi nalo lilirudishwa. Mtu mzima mwenye akili zake akiashiria hapana, kwanza mfahamu anasema nini.

Masahaba waliyachukua mambo haya wakaishi nayo. Abdullah, mwana wa Sayyidna Umar, ni mtu aliyesifika kwa kufuata mwendo wa Mtume hata katika mambo madogo madogo. Siku moja ya Ijumaa, jua limekwisha kupanda na Sala ya Ijumaa inakaribia, akapata habari kuwa Said bin Zayd mgonjwa. Said alikuwa mume wa shangazi yake. Ibn Umar akapanda mnyama wake akamwendea, akaiacha Ijumaa. Si mtu wa kuchezea Ijumaa huyo! Ila aliijua mizani.

Maulamaa wakaja wakaiandika mizani hiyo katika vitabu vya fikihi. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kimesomeshwa katika darsa zetu na masheikh wetu kizazi baada ya kizazi. Humo, katika nyudhuru za kuacha Sala ya jamaa, umetajwa mvua, umetajwa upepo mkali wa usiku, na umetajwa pia kuwapo kwa jamaa yako anayekata roho, au mgonjwa asiye na wa kumwangalia. Na mwenye udhuru wa kuacha jamaa ana udhuru wa kuacha Ijumaa pia. Lakini Imam hakusimama hapo. Akaongeza: au mgonjwa aliye na wa kumwangalia, ila anapata liwazo kwa kuwa na wewe.

Mimi huona kuwa hayo ni maneno makubwa kuwamo katika kitabu cha sharia. Maana yake dawa imetolewa, uji umenyweka, mwuguzaji mwingine yupo, hapana kazi yoyote iliyobaki kwako ila kukaa tu, kwa sababu mgonjwa akikuona moyo wake hutulia. Kukaa huko kitupu, ambako barazani kwaweza kuitwa uvivu, sharia imekupa uzito wa kuzuia mguu wa mtu usiende msikitini. Utasali pale pale ulipo, kando ya kitanda. Basi yule bibi anayejiona hafanyi ibada kwa kuwa usiku kucha amekaa na mkwewe aliyepooza, kitabu cha Minhaj hakimwoni hivyo. Na yule bwana anayekwenda jamaa zote tano ilhali mama yake anamwita, naye akifungue kitabu hicho hicho.

Haikuwa kwa watu wa nyumba peke yao. Sultani Qalawun wa Misri, kabla hajawa sultani, aliugua tumbo huko Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka hospitali ya Nuruddin, iliyojengwa humo mwaka 1154. Alipopona akapanda akaenda kuiona, akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Mwaka 1284 akaanza kuijenga Cairo, katika muda usiofika mwaka ikawa tayari. Ilikuwa na upande wa wenye homa, upande wa macho, upande wa majeraha, na wanawake mahali pao. Watu husifu ukubwa wake. Mimi linalonipendeza ni jingine, kwamba katika wakfu wake mlikuwa na sehemu ya masikini wanaougulia majumbani mwao, wapelekewe dawa na vinywaji na chakula huko huko waliko. Mwenye kuandika wakfu ule alijua kwamba wagonjwa wengi hawako hospitali. Wako nyumbani, na kuna mtu anahangaika nao. Katika mtaa wako, ndugu msomaji, zipo wakfu za misikiti na za visima, na waliozitoa Mungu awalipe. Je, upo hata mmoja wa nyumba yenye mgonjwa?

Nilisema watu wa barazani huuliza kwa nini fulani haonekani. Basi hata Sayyidna Uthman hakusalimika na swali hilo. Hata baada ya fitina kubwa na kuuawa kwake mwaka wa 35 wa Hijra (656), walikuwako watu waliozihesabu siku za maisha yake kutafuta za kumwaibisha, na siku ya Badri ikawamo.

Imepokewa kwamba mtu mmoja wa Misri alikuja kuhiji, akaona watu wamekaa, akauliza ni nani. Akaambiwa ni Makureshi, na mkubwa wao ni Abdullah bin Umar. Akamwendea akamuuliza mambo matatu. Je, wajua kuwa Uthman alikimbia siku ya Uhud? Ibn Umar akakubali. Na wajua kuwa hakuhudhuria Badri? Akakubali. Na kwamba hakuwako katika baiya ya Ridhwani? Akakubali. Yule mtu akaleta takbira kwa furaha, akidhani amekwisha kupata ushahidi kwa mdomo wa mkubwa wa watu.

Ibn Umar akamwita amwambie ukweli wa hayo. Yeye siku ya Badri alikuwa kijana mdogo, mmoja wa waliohesabiwa kuwa bado umri wao haujafika wa kupigana, kwa hiyo hakuwa jeshini. Alikuwa katika mji uleule aliofia Bibi Ruqayya. Akamweleza kwamba siku ya Uhud Mwenyezi Mungu alikwishawasamehe. Na kwamba wakati wa baiya, Uthman alikuwa Makka ametumwa na Mtume mwenyewe, na Mtume akauweka mkono wake wa kuume badala ya mkono wa Uthman. Ama kukosekana kwake Badri, akamwambia, ni kwa kuwa alikuwa na binti wa Mtume nyumbani, naye ni mgonjwa. Na Mtume akamwambia kuwa atapata ujira wa aliyehudhuria, na fungu lake.

Alipomaliza, Ibn Umar akamwambia yule Mmisri sasa aende nayo hayo.